Je, wajua kwa nini mgeni katika ibada ya Kilutheri hudhani ameingia misani?

Tuseme jirani yako wa Maweni au Ngala amekualika kanisani kwao Jumapili, na kanisa lenyewe ni la Kilutheri. Wengi wetu hapa Malindi hatujawahi kukanyaga humo. Wakatoliki tunawajua, kanisa lao kuu la Mtakatifu Antonio liko mjini. Waanglikana tunawajua. Wapentekoste nao, hata usipowatafuta, spika zao zitakutafuta. Walutheri pwani hii ni wachache. Mgeni anaingia akitarajia makofi na maombi ya sauti ya juu, maana ameambiwa hawa ni Waprotestanti, kumbe anakuta altare yenye msalaba na mishumaa, mchungaji aliyevaa kanzu nyeupe na stola, kitambaa kirefu chembamba, shingoni, na watu wanaosimama na kuketi kwa pamoja bila kuambiwa. Hapo ndipo swali linapomjia: si hawa ndio waliogombana na Roma? Mbona wanasali kama Wakatoliki?

Waligombana kweli, ila misa hawakuitupa. Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg huko Ujerumani, alitoa hoja zake 95 mwaka 1517 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi. Miaka minne baadaye, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, wenzake aliowaacha mjini, Andreas Karlstadt akiwa mbele, walianza kugeuza mambo kwa pupa. Sanamu zikang'olewa, watu wakachanganyikiwa. Luther alirudi Machi 1522, akapanda mimbarani siku nane mfululizo kuwatuliza. Kwake yeye mshumaa haumzuii mtu kuisikia Injili, na kuyaondoa mambo hayo kwa nguvu kungewaumiza walio wachanga katika imani. Basi mishumaa na mengineyo yakabaki. Walutheri waliposoma ungamo lao, yaani tamko la imani yao, mbele ya Kaisari Karl wa Tano mjini Augsburg mwaka 1530, ibara ya 24 ilisema waziwazi kwamba wanasingiziwa kuwa wameifuta misa.

Alichoondoa Luther ni zile sala zilizoifanya misa kuwa dhabihu ambayo padri anamtolea Mungu. Alitaka ieleweke kinyume chake: Mungu ndiye anayetoa, watu wanapokea, kisha wanashukuru. Na alirudisha vitu viwili ambavyo mwumini wa kawaida alikuwa amenyang'anywa. Kimoja ni kikombe cha divai, ambacho Mtaguso wa Constance, mkutano mkuu wa kanisa, ulikuwa umewakataza walei, yaani waumini wasio makasisi, mwaka 1415. Cha pili ni sauti yake mwenyewe. Mwaka 1524 kilitoka kitabu kidogo cha nyimbo 8, nne kati yake zikiwa za Luther, ili watu waimbe wenyewe badala ya kuwasikiliza makasisi. Mwaka 1526 ikachapishwa ibada nzima kwa Kijerumani. Ukitaka kuuona umbali kati ya ibada hiyo na misa ya Kilatini ukiwa hapahapa Malindi, nenda kwenye kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti. Francis Xavier, mmishonari Mkatoliki, alipopita mji huu mwaka 1542 akielekea India, Luther alikuwa bado hai, na wakati Xavier akisali misa ya Kilatini, ile ya Kijerumani ilikuwa imeshatimiza miaka 16.

Ndiyo maana ibada ya Kilutheri ni ya kujibizana. Mchungaji anasema au anaimba mstari, watu wanaitikia. Inaanza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, halafu mara moja yanakuja maungamo ya dhambi. Hakuna kibanda wala foleni: watu wote wanaungama kwa pamoja, kwa sauti, kwa maneno yaliyo kitabuni, na mchungaji anawatangazia msamaha. Angalia mpangilio huo. Msamaha umeshatolewa kabla hata sadaka haijakusanywa wala mahubiri hayajaanza. Kwa Mlutheri hilo si jambo la ratiba tu, ndilo fundisho lenyewe. Baadaye yanafuata "Bwana utuhurumie", wimbo wa utukufu, masomo ya Biblia, na Injili ambayo watu huisikiliza wakiwa wamesimama. Kisha Imani ya Mitume, ambayo Mkatoliki ataikariri bila shida.

Mgeni hana haja ya kubabaika. Mtu wa karibu atakusogezea kitabu chake kikiwa kimefunguliwa, akuonyeshe kwa kidole mlipofika. Hapo utagundua jambo: kitabu chenyewe mara nyingi kimetoka Tanzania. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lile liitwalo KKKT, lina mamilioni ya waumini, na Kiswahili cha ibada za Kilutheri kimepikwa huko kwa muda mrefu. Kenya kuna makanisa mawili ya Kilutheri yanayojulikana zaidi. Moja lilianzia kwa wamishonari wa Uswidi waliofika Kisii mwaka 1948; jingine lina mizizi yake kwa Walutheri wa Tanzania waliohudumu Nairobi na Mombasa. La kushangaza ni kwamba Johann Ludwig Krapf, aliyeshuka Mombasa mwaka 1844 na kufungua misheni ya Rabai, alilelewa katika Ulutheri wa Württemberg, Ujerumani. Lakini chama kilichomtuma kilikuwa cha Waanglikana, na kanisa lililoota hapo likawa lao.

Mahubiri usiyaogope. Mhubiri hachagui tu somo linalompendeza wiki hiyo, kwani kalenda ya kanisa imeshapanga masomo ya kila Jumapili. Kalenda hiyohiyo ndiyo inayopanga rangi ya kitambaa cha altare: zambarau wakati wa Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, na kijani kwa miezi mirefu ya katikati.

Jambo linalohitaji uangalifu ni Chakula cha Bwana. Walutheri hawasemi kwamba mkate ni ukumbusho tu. Mwaka 1529, katika ngome ya Marburg, Luther alibishana kuhusu hilo na Ulrich Zwingli wa Uswisi. Inasimuliwa kwamba aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Yesu, "huu ni mwili wangu", na kila Zwingli alipoleta hoja yeye akayaelekezea kidole. Hawakuafikiana. Mpaka leo Walutheri wanaamini kwamba mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai, ingawa hawaelezi kama Wakatoliki jinsi inavyokuwa. Kwa hiyo meza hiyo si ya kukimbilia. Waumini waliopata kipaimara, yaani waliofundishwa na kuthibitishwa katika imani, hutoka kwa safu, hupiga magoti mbele, hupokea mkate na kisha divai. Kuhusu wageni kutoka makanisa mengine, makanisa ya Kilutheri yenyewe hayafanani: mengine humkaribisha kila aliyebatizwa, mengine hutaka kwanza uongee na mchungaji. Mwulize mwenyeji wako mapema au fika dakika kumi kabla umwone mzee wa kanisa. Ukibaki kwenye benchi hakuna atakayekutolea macho.

Viatu huvui. Mavazi ni yale ya heshima tu; mwanamke akijifunga leso au kitambaa kichwani ni sawa, asipojifunga ni sawa vilevile. Wakati wa matangazo wageni huombwa wasimame wataje majina na wanakotoka. Wengi husema "Bwana asifiwe", na kanisa zima hujibu "Amen". Kama wewe ni Mwislamu uliyemsindikiza rafiki kwenye ubatizo wa mwanawe, "habari za asubuhi" inatosha kabisa, na utapigiwa makofi kama wengine. Panga muda pia. Ibada yenye kwaya mbili au tatu, na nadra kukosa kwaya, inaweza kumaliza saa mbili au hata tatu, na wanakwaya hawana desturi ya kuimba wimbo mmoja wakaketi.

Hapa kuna mtu atauliza: ngoma na vigelegele vinaingiaje katika misa ya Wajerumani? Jibu limo katika ungamo lilelile la Augsburg, ibara ya 7. Linasema kanisa lipo pale Injili inapohubiriwa sawasawa na sakramenti zinapotolewa ipasavyo, wala si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Kwa hiyo kaskazini mwa Tanzania utasikia vikundi vya tarumbeta vilivyoachwa na wamishonari wa Kijerumani, kwingine kayamba, na vyote ni Ulutheri uleule. Mimi nauona mpango huo kuwa wa busara kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu mifupa ya ibada inabaki ileile huku nyama ikiota kwa mwenyeji.

Sadaka hutolewa kwa kwenda mbele kwa mistari, na siku hizi M-Pesa haikosi kutajwa. Wasio na pesa, au wenye mavuno, huleta walichonacho. Baada ya baraka ya Haruni kutoka kitabu cha Hesabu, "Bwana akubarikie, na kukulinda", ambayo Luther aliiweka mwishoni mwa ibada yake na ambayo bado iko palepale, watu hutoka nje huku wakiimba na kusalimiana kwa mikono. Usiondoke bado. Katika sharika nyingi, yaani makanisa ya mahali, za Kilutheri, hasa zile zenye desturi za Tanzania, mnada huanza hapo uwanjani: trei ya mayai, maembe, nazi, pengine jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Anayenadi ni mcheshi, bei hupanda kuliko ya sokoni kwa makusudi, na pesa zote huingia mfuko wa kanisa. Mgeni anaruhusiwa kutaja bei. Atakayeinua mkono kumsalimia rafiki wa ng'ambo ya pili asishangae akiambiwa jogoo ni wake.