Jumamosi si siku ya mwamba

Swali ni lilelile, na huulizwa kwa sauti ileile ya ushauri: "Si muwasomeshe watoto Jumatatu hadi Ijumaa kama wenzenu, mwambani muende Jumamosi? Bahari si ipo siku zote?" Shangazi huliuliza, jirani huliuliza, na sasa hata wazazi wanaoanza kusomesha watoto nyumbani huku pwani wananionyesha ratiba iliyonakiliwa kutoka shuleni: hesabu saa 2, Kiingereza saa 3, na "matembezi ya ufukweni" yamebanwa Jumamosi asubuhi. Bahari ipo siku zote, ndiyo. Mwamba, ule unaojitokeza maji yakipwa, haupo. Ukiwa chini ya mita 3 za maji, kwa mtoto wa miaka minane mwamba haupo.

Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji mafu ni siku ambazo husogea kidogo tu; zaidi ya hapo sitavieleza, aliyekulia Kilifi, Tanga au Unguja anavijua. Kinachosahauliwa ni saa. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa kabisa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Ni hivyo mwezi huu, na mwaka ujao ni hivyo. Bamvua huja pale jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja, na maji huku kwetu huufuata mwezi kwa kuchelewa kiasi kilekile, basi saa ya bamvua haihami. Maji mafu ni kinyume: saa 4 asubuhi bahari iko juu, na kupwa kwake, tena kupwa kwa shingo upande, huja karibu na saa 10.

Maana yake ni kwamba wakati mzuri kuliko wote wa kutembea mwambani na watoto, jua likiwa bado linavumilika, ni katikati ya asubuhi, saa ambayo mtoto wa shule yuko darasani. Familia inayosomea nyumbani inapata asubuhi 4 au 5 za namna hiyo katika kila wiki mbili. Kuziacha ili kuiga kengele ya shule ambayo haipo nyumbani kwenu ni hasara ninayoshindwa kuielewa.

Sasa hiyo Jumamosi. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna wastani wa siku 14.77, yaani wiki mbili na takriban saa 18 juu yake. Kama kilele cha bamvua hii ni Jumanne, kinachofuata kitaangukia Jumanne usiku au Jumatano, kisha Alhamisi, na kuendelea hivyo polepole. Kufika Jumamosi ni safari ya bamvua tano hivi, yaani wiki kumi. Katika wiki za mwanzo za hizo kumi, familia ya Jumamosi inakutana na nini? Jumamosi moja maji yanapwa karibu na saa 7 mchana, mchanga ukiunguza nyayo. Inayofuata yanapwa kama saa 1 na nusu asubuhi, na zote mbili kupwa kwenyewe ni kudogo, mwamba unachungulia tu. Ni kweli kwamba zamu ya Jumamosi ikifika huja mfululizo, na kila baada ya wiki mbili, kwa muda, mambo huwa mazuri. Lakini hiyo ni zamu, na mtoto anayefuatilia kidimbwi kimoja hawezi kusubiri zamu.

Panga basi kwa mwezi. Nyumba yenye kalenda ya Kiislamu ukutani haihitaji kitu kingine: tazama tarehe 1 hadi 4 na tarehe 15 hadi 18. Na hapa naomba tuelewane, kwa sababu naona kosa hili hata kwa watu wazima waliozaliwa hatua chache kutoka majini: bamvua si ya mwezi mpevu peke yake. Mwezi mwandamo una bamvua yake, na mara nyingi ina nguvu sawa au kupita. Pia kilele hakiji siku yenyewe ya mwezi mpevu, hukawia siku moja au mbili. Anayewapeleka watoto usiku wa mbalamwezi kamili na kuhitimisha kwamba ameiona bamvua yote ameondoka kabla ya siku bora. Bamvua kubwa zaidi za mwaka ziko karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Hizo ziwekeni kwenye kalenda mapema kama mnavyoweka sikukuu.

Baada ya tarehe huja jedwali la maji, lenye saa za kujaa na kupwa. Kwa Mombasa na jirani zake tumia la Kilindini, kwa Tanzania kuna la Dar es Salaam na la Zanzibar. Jedwali linaandika 10:12. Hiyo ni saa 4 na dakika 12 asubuhi. Mtoto akiisoma kama saa 10 na dakika 12, familia nzima itafika jioni na kukuta mawimbi yanapiga ukuta, kwa sababu saa 10 jioni ya bamvua ndiyo saa ya maji tele. Hakuna kosa lingine linalogeuza mambo kinyume kabisa namna hii. Programu za simu zina mtego wao: baadhi huonyesha saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3. Zijaribu kwa siku ya bamvua. Ikikuambia maji yanapwa saa 1 asubuhi, ujue saa zimekosewa.

Namba iliyo kando ya saa, mathalani 0.4, ni mita juu ya kiwango cha ramani za bahari, yaani karibu na maji yanapopwa chini kabisa. Haisemi kina cha maji utakachokanyaga. Mimi hutafuta siku zisizozidi 0.6. Juu ya 0.8 huwa nawaambia wazazi wabaki mchangani. Lakini kila ufuko una mwamba wake wenye kimo chake, na namba zangu hazitakuwa zenu mpaka mmepima wenyewe.

Na hapa ndipo penye somo lenyewe, wala si gumu. Nunua bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita 2. Litoboe chini matundu manne au matano madogo, ya milimita 3 hivi, maji yaingie polepole na mawimbi yasilichezeshe. Ndani yake tumbukiza ufito mwembamba uliochomekwa kwenye kipande cha mviringo kilichokatwa kutoka ndara kuukuu. Ndara inaelea vizuri na haioti ukungu. Kipande kiwe chembamba kuliko bomba kwa nusu sentimita, kikibana kitakwama na mtoto ataandika namba moja saa nzima. Ufito utiwe alama kila sentimita 5 kwa rangi ya mafuta. Funga bomba kwenye nguzo iliyozamishwa mchangani nusu mita au zaidi, kisha soma kila dakika 10.

Bomba likae kwenye maji yaliyoungana na bahari wazi. Likiwa kwenye kidimbwi, mwamba ukishajitenga maji ya kidimbwi husimama, na mtoto ataapa kwamba bahari imemaliza kupwa nusu saa kabla ya wakati. Kwa mtoto anayeanza ndilo kosa la kwanza, na ni kosa zuri. Mwacheni aligundue kwa kulinganisha na bomba la pili.

Kupata saa kamili ya kupwa kwa kutazama haiwezekani, maji husimama kama dakika 20 bila kuonyesha tofauti. Njia ni kutafuta namba mbili zinazolingana, moja maji yakishuka na moja yakipanda. Ufito ulisoma 40 saa 3:48, ukasoma 40 tena saa 4:32. Katikati yake ni saa 4:10. Mtoto wa miaka tisa anaifanya hesabu hiyo kwa kalamu ya risasi juu ya ubao, na anaielewa kwa sababu miguu yake imo majini.

Nifike kwenye dakika 50. Vitabu vinasema maji huchelewa dakika 50 kila siku, na wazazi wanaishika kama aya. Huo ni wastani wa mwezi mzima! Siku za bamvua kuchelewa kunaweza kuwa chini ya dakika 40, na siku za maji mafu kukazidi saa nzima, kwa sababu nguvu ya jua huuvuta wakati wa maji mbele au nyuma kulingana na mahali mwezi ulipo. Mtoto aliyepima kwa uaminifu siku nne za bamvua atapata dakika 38, 36, 40. Kisha mzazi anakuja na kitabu, anafuta, anaandika 50. Nimeona madaftari kadhaa yaliyofutwa hivyo, na sina uvumilivu na jambo hili. Mtoto alikuwa sahihi. Amepima bahari yake, na amefundishwa kwamba macho yake hayana thamani mbele ya mstari uliochapishwa. Mkiacha namba zake zilivyo na kuendelea mpaka maji mafu, mchoro wake utajipinda wenyewe, na swali la kwa nini umepinda litawachukua wiki mbili za jiografia na hesabu bila kulazimishana.

Usalama. Maji hayapandi sawasawa. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa 12: saa ya kwanza yanapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90. Saa ya kwanza inadanganya, mtoto anaona bahari imetulia. Ubaya zaidi, maji hayaanzi kupanda mbele yako. Kati ya mwamba na ufuko mara nyingi kuna mkondo, nao hujaa nyuma yenu mkiwa mnainamia pweza. Mkondo uliouvuka ukiwa wa magoti utafika kiunoni kwa mtu mzima katika saa moja na nusu, na kwa mtoto wa miaka sita hapo si kiunoni tena. Kwa hiyo sheria yangu haina mjadala: nendeni saa moja na nusu kabla ya kupwa, na saa ya kupwa iliyoandikwa kwenye jedwali ndiyo saa ya kugeuza uso nyumbani. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, geukeni nusu saa mapema, maana jedwali halijui upepo.

Viatu viwe vya plastiki au raba zilizofungwa kamba. Ndara huvuka kwenye tope na kuacha mguu wazi penye miiba. Kombe zenye umbo la pia haziokotwi, hata zikionekana tupu, kwa sababu baadhi ya konokono wake wana mwiba wenye sumu inayoweza kuua. Watoto waburute nyayo mchangani badala ya kukanyaga, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asogee. Bebeni chupa moja ya chai yenye maji ya moto: akichomwa na taa au samaki jiwe, mguu uingizwe kwenye maji ya moto kiasi ambacho mkono wa mtu mzima unakivumilia, maumivu hupungua wakati mnaelekea hospitali. Hospitali mwende hata kama maumivu yametulia.

Kuna jambo moja linalonisumbua na sitalificha. Mwamba ni hai. Watoto kumi wanaotembea pale mara nane kwa mwezi wanaharibu, hata wakiwa na adabu. Mimi hupunguza hadi watoto sita kwa safari, tunapita kwenye mchanga na jiwe tupu, hatukanyagi matumbawe wala majani ya bahari, jiwe lililogeuzwa linarudishwa lilivyokuwa, na hakuna ndoo ya kubeba viumbe. Katika hifadhi kama Watamu na Malindi, zilizotengwa tangu 1968, kuokota hata kombe tupu hakuruhusiwa. Bado siku nyingine najiuliza kama sita si wengi, na kwa sababu hiyo vidimbwi vyetu tunavipumzisha: bamvua ya mwezi mwandamo upande mmoja wa ufuko, ya mwezi mpevu upande mwingine.

Wakati wa masomo ya mezani haujapotea. Siku za bamvua, uji saa 12, kutoka nyumbani saa 2, kurudi kabla ya saa 5 na nusu. Oga, chakula, wadogo walale. Saa 9 daftari linafunguliwa: tarehe ya mwezi, saa ya jedwali, saa iliyopimwa, upepo, na viumbe watatu tu vilivyochorwa mahali vilipoonekana. Watatu wanatosha, ukidai kumi, mtoto ataanza kubuni. Wiki ya maji mafu ndiyo ya hesabu nzito, sarufi na mitihani ya majaribio, asubuhi hadi saa 7, kwa sababu mwambani hakuna cha kuona. Jioni bahari imetulia, na wanaojifunza kuogelea hupata maji yasiyowakokota.

Andikeni ratiba ya siku 15 ubaoni, si ya siku 7, na aijaze mtoto mkubwa kutoka kwenye jedwali la maji. Shangazi akiuliza kuhusu Jumamosi, mtoto huyo ampe kalenda na amwonyeshe bamvua ijayo inaangukia siku gani.