Kompyuta ya Pili Nyumbani: Usilipie Intaneti Mara Mbili

Mama mmoja wa mtaa wa Migosi alinijia jioni moja baada ya kipindi, karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa risiti ya kompyuta ya mezani aliyomnunulia mwanawe wa kidato cha tatu. Ya pili ilikuwa hesabu ya kuunganishiwa laini nyingine ya intaneti, kwa kuwa aliyemuuzia mashine alimwambia kila kompyuta sharti iwe na laini yake. Nyumbani tayari alikuwa na faiba anayoilipia kila mwezi, na laptopu moja ya kazi.

"Mwalimu, ni kweli nitalipa mara mbili?"

"La, mama. Hiyo karatasi ya pili iweke kando."

Nafundisha mitandao ya kompyuta katika chuo cha ufundi hapa Kisumu, na swali hilo hunifikia kila muhula. Naliandikia leo kwa sababu pesa ya laini ya pili ni karo, ni unga wa nyumbani, na mara nyingi shida inayomfanya mtu aitoe ingekwisha kwa kusogeza rauta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, mita nne.

Tuliokulia mashambani tunalikumbuka sanduku la posta la shule. Sanduku lilikuwa moja, nambari moja, lakini barua za kijiji kizima zilifikia humo, kisha zikagawiwa kwa majina. Rauta hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa dunia ya nje nyumba yako inaonekana kwa anwani moja tu. Ndani, rauta hukipa kila kifaa anwani yake ndogo, kwa kawaida inayoanza na 192.168, na hukumbuka nani aliomba nini ili jibu limfikie mwenyewe. Rauta ya kawaida ya nyumbani ina nafasi ya anwani zaidi ya 200, basi kompyuta ya pili haimbani mtu.

Kinachogawanywa ni kasi. Darasa la video hula kama Mbps (megabiti kwa sekunde) 2 hadi 4, kwa hiyo kifurushi cha Mbps 10 hubeba kompyuta mbili zilizo darasani kwa wakati mmoja na bado kikabaki kidogo cha simu. Jambo moja huwachanganya wengi: Mbps hupima biti, ilhali faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya Mbps 10 hushusha takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili ya megabaiti 300 ikichukua dakika 4, hujapunjwa.

Sasa mashine yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini ni zile zilizotumika ofisini ng'ambo, tunazoziita ex-UK. Ni imara, lakini zilitengenezewa ofisi zenye nyaya ukutani, na nyingi hazina waifai ndani. Mtu huiwasha, akatafuta alama ya waifai pale pembeni chini ya skrini, asiione, akairudisha dukani akidhani ni mbovu. Inachohitaji ni adapta ya waifai ya USB, kidude kidogo mfano wa flashi. Chagua inayoshika masafa yote mawili ya redio yanayotumiwa na waifai, GHz 2.4 na GHz 5. Kisha usiichomeke nyuma ya mashine iliyo sakafuni chini ya meza, maana hapo umeificha nyuma ya sanduku la chuma. Pata kebo fupi ya kurefushia USB, uipandishe adapta juu ya meza ionane na mlango. Na ukiwa unatumia GHz 2.4, pendelea tundu jeusi la USB kuliko lile la buluu: matundu ya USB 3 yakifanya kazi hutoa kelele ya redio karibu na masafa hayo hayo, na adapta iliyo jirani huzibwa masikio.

Kama kompyuta haitahamahama na rauta iko chumba cha pili, mimi ningevuta waya wa mtandao na kuyasahau haya yote. Waya wa aina ya Cat5e au Cat6 hufika mita 100, nazo rauta nyingi zina matundu ya kuuchomeka kwa nyuma. Haujali mabati wala waifai ya jirani.

Kwa yule mama waya haukuwezekana, kwa hiyo tulikwenda kuona nyumba. Rauta ilikuwa sakafuni nyuma ya runinga, kwenye pembe ile ile faiba ilipoingilia. Mafundi wa kuunganisha huiacha hapo kwa kuwa ndipo kazi yao inapoishia, na wenye nyumba hudhani ndipo inapotakiwa kukaa. Chumba cha kijana kilikuwa kimeongezwa nyuma ya nyumba, cha mabati. Kwa hiyo kati ya rauta na meza yake kulikuwa na runinga, friji, ukuta wa mawe, kisha mabati. Nilisimama mezani pake na simu yenye programu ya kupima mawimbi, ikasoma hasi 84. Kipimo hiki nambari ikikaribia sifuri ndiyo nguvu inaongezeka: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha video, na ukishuka chini ya hasi 80 ni mateso matupu.

Mabati yanafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu huku kwetu ndiyo yanayotusumbua kuliko kitu kingine. Mawimbi ya waifai ni ya redio, na chuma huyarudisha yalikotoka kama kioo kinavyorudisha mwanga. Karatasi moja ya bati, nyembamba vile, huzuia kuliko ukuta mnene wa matofali ya kuchoma. Kioo kikubwa cha kujitazamia hufanya vivyo hivyo kwa sababu mgongoni kimepakwa madini. Maji nayo huyanywa mawimbi, basi tangi la lita elfu likikaa kati ya rauta na kompyuta ni kizuizi. Zege yenye nondo ni nzito pia. Mlango wa mbao na dirisha la kioo cha kawaida, hizo ni njia. Ndiyo maana swali la kwanza si rauta ina antena ngapi. Uliza mawimbi yatapitia wapi yafike mezani.

Katika nyumba ile njia ilikuwa mlango wa mbao wa korido. Tuliipandisha rauta juu ya kabati, mama akishika kebo, mimi nikiisogeza, kijana akiwa mezani na simu akitupigia kelele za nambari. "Hasi sabini na tano! Sabini! Mwalimu, acha hapo hapo, sitini na mbili!" Hatukununua kitu. Ila kebo ya faiba tuliishika kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndani yake ni uzi wa kioo: ukiukunja kama karatasi au kuubana na mguu wa kochi, mwanga hauendi tena. Uache upinde kwa duara pana, na ukiwa haufiki unakotaka, waite wenye kampuni waurefushe.

Kati ya masafa mawili, GHz 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. GHz 5 ina kasi kubwa lakini huchoka upesi. Laptopu iliyo sebuleni na rauta iunganishe na GHz 5, ya chumba cha nyuma uiachie 2.4. Kwenye majumba ya kupangisha, ya Kondele kwa mfano, ambapo simu yako huona waifai 20 za majirani, GHz 2.4 hujaa kama soko la Kibuye. Hapo ingia kwenye mipangilio ya rauta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu haziingiliani, na anayechagua ya 3 au ya 4 akidhani amejitenga huwa anasumbuliwa na pande mbili.

Mipangilio hiyo huipata kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari cha kompyuta iliyokwisha kuunganishwa. Anwani halisi huwa imeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Hapo naomba uelewe kwamba kuna nywila mbili. Moja ni ya waifai, unayompa mgeni. Nyingine ni ya kufungua mipangilio ya rauta yenyewe, na hiyo watu wengi huiacha jinsi ilivyotoka kiwandani. Aliye nayo anaweza kukufungia nje ya mtandao wako mwenyewe. Badilisha zote mbili. Ya waifai inakubali herufi 8 hadi 63, basi andika sentensi nzima ya lugha ya nyumbani ambayo mtu wa nje hawezi kuibahatisha. Usalama, yaani aina ya ulinzi wa waifai unaoichagua kwenye mipangilio hiyo, uwe WPA2 au WPA3. Ukiona WEP, ulinzi wa kizamani, iache kabisa, udhaifu wake ulijulikana tangu 2001. Rauta ikiwekwa WPA3 peke yake, zile kompyuta kongwe hazitaungana na utahangaika bure. Chagua hali inayochanganya WPA2 na WPA3. Zima pia WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya waifai, ambayo nambari yake ya siri ya tarakimu 8 ilionyeshwa mwaka 2011 kuwa huvunjwa kwa kujaribu tu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya ile anwani moja ya nje. Anayeingia kwenye waifai yako akafanya uovu, nyayo zinazoonekana ni za nyumba yako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, lakini ni afadhali mlango ukawa umefungwa tangu mwanzo. Jirani na wageni wape mtandao wa wageni, rauta nyingi siku hizi zinao.

Mtandao wa wageni, hata hivyo, una tabia inayowaletea watu kichwa kuuma. Hutenganisha vifaa visionane. Kompyuta moja ikiwa kwenye waifai ya nyumbani na nyingine kwenye ya wageni, zote zitafungua intaneti vizuri, ila printa ya mama haitaonekana kwa mtoto. Hakikisha zote ziko mtandao mmoja, na Windows ikikuuliza kama huo ni mtandao wa watu wote au wa faragha, jibu faragha, la sivyo kompyuta hiyo hujificha isionwe na nyingine.

Kama nguvu haifiki na una rauta ya zamani kabatini, yaweza kutumika kama kituo cha pili. Kwanza ifungue ukiwa umeiunganisha na kompyuta peke yake, uipe anwani tofauti, tuseme 192.168.1.2 ikiwa kubwa ni 192.168.1.1, uzime DHCP, yaani ile kazi ya kugawia vifaa anwani, kisha ulete waya kutoka rauta kubwa hadi tundu lake la LAN. Ukiruka hatua hiyo utakuwa na wagawaji wawili wa anwani katika nyumba moja, na kompyuta zitaungana leo na kukataa kesho bila sababu unayoiona.

Mwisho ni radi. Magharibi ya Kenya tunapigwa na radi kwelikweli, na ngurumo zetu hupenda alasiri na jioni, saa watoto wako kwenye kompyuta. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, lakini adapta ya rauta iko kwenye soketi ya stima, na waya wa mtandao ni shaba. Kuzima kwa swichi hakutoshi. Mawingu yakianza kujikusanya ziwani, chomoa plagi ya rauta, chomoa ya kompyuta, kisha chomoa na ule waya wa mtandao unaoziunganisha, hasa ikiwa umepita nje kwenda chumba cha uani. Ngurumo ikishaanza kupiga karibu, viache vilivyo, usivishike.