Moyo ukisimama kisha ukarudi: tunayoyasema benchini na yaliyo kweli

Nje ya wodi ya wagonjwa mahututi hapa Kisumu, jamaa hukaa kwenye benchi tangu alfajiri, na mara nyingi hukumu hupita pale kabla daktari hajatoka. "Moyo ulirudi, lakini tangu jana hajafumbua macho. Huyo ameshakwenda." Kauli hiyo huniuma kuliko zote, kwa kuwa baada yake simu huanza kupigwa nyumbani kupanga mazishi ya mtu ambaye bado anatibiwa.

Siku ya kwanza haitoshi kumhukumu mtu. Ubongo umekosa oksijeni, na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa kawaida hupewa dawa za usingizi. Figo au ini likilegea, dawa hizo hukawia mwilini siku kadhaa. Kwa hiyo mwongozo wa madaktari wa Ulaya unataka wangoje angalau saa 72 tangu moyo uliporudi ndipo watabiri kama ataamka. Hata hapo dalili moja haitoshi. Mboni zote mbili kutojibu mwanga wa tochi, umeme wa ubongo uliozimika, picha ya kichwa yenye uharibifu mkubwa: zinahitajika angalau mbili zinazokubaliana, na zikipingana, kusubiri kunaendelea. Mashine ikizimwa mapema, utabiri mbaya hujitimiza wenyewe, wala hakuna atakayejua kama mgonjwa angeamka.

"Mikono inatikisika, anataka kutuambia kitu." Hapana, mama. Mishtuko ya misuli isiyokoma siku hizo za mwanzo mara nyingi ni dalili mbaya, ingawa wapo walioipata na wakaamka. Mwite muuguzi aione.

Na kuna furaha inayokuja mapema mno: "Amefumbua macho, amepona!" Macho hufumbuka hata fahamu ikiwa haijarudi. Tunachongojea ni kumwambia "bana mkono wangu" naye akabana. Akishaamka, kumbukumbu yaweza kubaki na mapengo kwa miezi, na anaweza kuchoka au kukasirika upesi. Si ujeuri, mvumilieni.

Daktari akitoka, mwambieni mgonjwa alilala chini dakika ngapi kabla ya mtu kuanza kumkandamiza kifua, maana nyinyi ndio mliokuwepo. Kisha mwulizeni: dawa ya usingizi ilisimamishwa saa ngapi?