Sindromu ya Down ni kromosomu moja ya ziada: mama hana kosa, na moyo wa mtoto upimwe mapema

Kromosomu ni nini?
Ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Seli ya mwili inazo 46, yaani jozi 23. Yai na mbegu ya kiume kila moja ina 23 tu, zikiungana hesabu inarudi 46.

Hiyo nusu hupatikanaje?
Kwa mgawanyiko uitwao meiosisi. Kromosomu hujinakili mara moja, kisha seli hugawanyika mara mbili. Kromosomu za jozi ya 21 zikishindwa kuachana, yai hubeba mbili badala ya moja na mtoto hutungwa akiwa na 47. Hiyo ndiyo sindromu ya Down.

Mama alikosea wapi?
Hakukosea popote. Hakurogwa, na wala sindano ya uzazi wa mpango haihusiki. Mayai ya mwanamke huanza meiosisi yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama hapo hadi zamu ya yai kupevuka ifike. Yai la mama wa miaka 40 limesubiri miaka yote hiyo, ndiyo maana uwezekano hupanda: takriban mtoto 1 kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20, na 1 kati ya 100 kwa wa miaka 40. Tafadhali, wakwe na waume, acheni kumrudisha mwanamke kwao kwa jambo hili. Hakukosea.

Mtoto amelegea ila ananyonya. Tungoje akue kidogo?
Msingoje. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu. Apimwe moyo kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ndani ya mwezi wa kwanza, hata kama daktari hakusikia lolote kifuani. Mtazame akinyonya: anavuta kidogo, anaachia titi, jasho limejaa kwenye paji la uso, anasinzia kabla hajashiba. Kwenye kadi ya kliniki uzito haupandi. Huo si uvivu, wala si mchango wa kutibiwa kwa mizizi.

Bibi anataka akatwe kimeo kwanza.
Hapana. Kimeo hakina uhusiano na moyo, na kukikata huleta damu na maambukizi. Kibaya zaidi, miezi inapita. Tundu likiwa kubwa, damu huenda mapafuni kwa nguvu na kuharibu mishipa yake. Upasuaji hutakiwa mara nyingi kabla ya miezi 6. Mishipa ikishakakamaa, kuziba tundu kunaweza kuwa hatari kuliko kuliacha. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mleteni akiwa mchanga, msimlete akiwa na miaka minne.

Tusubiri majibu ya kromosomu?
Kipimo hicho cha damu huthibitisha tu, hakitibu. Eko isikingoje. Tezi ya shingoni nayo ipimwe kwa damu akizaliwa, akiwa na miezi 6, mwaka 1, kisha kila mwaka. Midomo ikigeuka bluu, au mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.