Morgan Dodoma: usililainishe, lipe oili

Mtu akipanda Morgan kwa mara ya kwanza, kabla hajafika hata Nyerere Square ataniuliza kama shokapu zimekufa. Hazijafa. Gari hilo liliumbwa gumu tangu kiwandani, na kazi yangu ya kutengeneza miguu ya magari hapa Dodoma imenifundisha kwamba wanaolipenda gari hili na kutaka kulilainisha ndio wanaoliharibu mapema. Ugumu wake una sababu. Kinacholiua hapa kwetu ni vumbi, na baada ya vumbi, ukavu wa hewa.

Kwa asiyelijua, Morgan ni gari la michezo la Kiingereza linalotengenezwa Malvern. H.F.S. Morgan alianza na gari la magurudumu matatu mwaka 1910, akatoa 4/4 ya magurudumu manne mwaka 1936, na tangu hapo sura haijabadilika sana: boneti ndefu, madigadi yaliyotuna, kiti kilichokaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Wengi wanaamini chesisi yake ni ya mbao. Siyo. Chesisi ya zile za jadi ni ya chuma, reli mbili ndefu zenye umbo la herufi Z na vyuma vya kukingama kati yake. Mbao ni mifupa ya bodi, na juu ya mifupa hiyo ndiyo linavishwa bati la chuma au alumini. Chesisi hiyo ya chuma iliachwa mwaka 2020, baada ya modeli ya Plus Six ya 2019 kuja na ya alumini iliyogundishwa, lakini hata hizo mpya bodi yake bado ina mbao ndani. Ninazozungumzia hapa ni zile za chuma, maana ndizo mtu wa kawaida anayependa magari anaweza kuota kuwa nayo.

Mbele, kila gurudumu limeshikwa na nguzo moja ya chuma iliyosimama wima. Kitovu cha gurudumu kinapanda na kushuka juu ya nguzo hiyo kwenye bushi, yaani vibomba vifupi vya shaba nyeusi. Juu yake kuna koili ndefu inayobeba uzito, chini kuna koili fupi ya kupokea gurudumu linaporudi. Hakuna boljointi, hakuna mikono ya juu na chini kama kwenye gari za siku hizi. Mpango huu ni wa zamani kuliko 4/4 yenyewe, ulitoka kwenye zile za magurudumu matatu. Nyuma ni ekseli nzima na springi za mapande, zile za lori, ila nyembamba. Nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka ni ndogo mno, na ndiyo maana springi lazima ziwe ngumu: zikilegezwa, gurudumu litagonga mwisho kwenye kila shimo. Sehemu ya kazi ya kumeza mtikisiko inafanywa na chesisi yenyewe, ambayo inajipinda kidogo, na mbao zinakubaliana nayo. Ukikaa ndani unaiona boneti ikitetemeka mbele yako kwenye rasta. Hiyo ni kawaida yake.

Sasa hizo nguzo. Zinaishi kwa mafuta, na zimekaa wazi nyuma ya gurudumu, mahali ambapo vumbi linarushwa moja kwa moja. Morgan nyingi zina kitufe cha mguu karibu na pedali. Ukikibonyeza, oili ya injini inasukumwa hadi kwenye nguzo mbili za mbele. Kibonyeze asubuhi, injini ikiwa imewaka lakini haijapata moto, maana oili ikishakuwa nyepesi inamwagika nyingi kupita kiasi. Uingereza hiyo inatosha. Kwetu haitoshi. Nikivua gurudumu la mbele la gari ninalolitunza, la mzee mmoja wa Area D, nakuta kwenye nguzo uji mwekundu mzito: vumbi letu limeshikana na oili. Ukiusugua kati ya vidole viwili unasikia chembe za mchanga zikikwaruza. Uji huo unafanya kazi ya msasa. Kila gurudumu linapopanda na kushuka unakula shaba ya bushi kidogo kidogo, mpaka siku unashika tairi juu na chini, unalitikisa, na linacheza mkononi.

Kwa hiyo msimu wa kiangazi, Mei mpaka Novemba, mimi huzifuta nguzo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nakausha, napitisha grisi mpya kwenye nipo (kile kichwa kidogo cha kuingizia grisi) mpaka ile chafu itoke yote, ndipo nafunika kwa mipira ya kujikunja inayozuia vumbi. Mipira hiyo ikae, lakini ifunguliwe baada ya mvua, kwa sababu maji yakishaingia hayana pa kutokea. Bushi zikiisha si lazima ulie na Uingereza: fundi mzuri wa kuchonga vyuma atakuchongea za shaba nyeusi ukimpa vipimo sahihi. Nguzo yenyewe ikishalika usiipige msasa ukaendelea kuitumia. Agiza mpya.

Upepo wa tairi unaharibu raha ya gari hili kuliko springi. Vijana wa kujaza upepo wamezoea Noah na IST, wanakupa 30 na kitu bila kuuliza. Morgan ya injini ya silinda nne ni nyepesi, haifiki tani moja, na inataka karibu psi 20. Tofauti hiyo peke yake inatosha mtu kudhani amebadilishiwa gari. Beba geji yako mwenyewe. Rimu za spoku zinahitaji tyubu, na spoku zenyewe zigongwe kwa spana ndogo moja moja: iliyokaza inalia, iliyolegea inaguna. Ile nati kubwa ya katikati ya rimu, upande wa kulia wa gari ina reza za kinyume. Asiyejua ataikaza akidhani anaifungua.

Barabarani, gari hili linakuambia kila kitu. Kwa kuwa umekaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, nyuma ikianza kuteleza unaijua kiunoni kabla macho hayajaona. Kwenye lami safi ya kwenda Iringa, ukishapita Mtera na kuanza kona za Nyang'oro, raha yake haina mfano: steringi inakuwa nyepesi kadiri mwendo unavyoongezeka, gari halilali, linaingia pale macho yako yalipoelekea. Lakini kona ikiwa na shimo, ekseli ya nyuma inaruka na kuhama pembeni kidogo. Usishtuke ukakanyaga breki. Shika steringi kwa ulegevu, acha mguu wa mafuta ulivyo, linarudi lenyewe. Breki zote zimalizike kabla ya kona.

Matuta ni habari nyingine. Barabara ya Morogoro, kuanzia Chamwino mpaka Gairo, kila kijiji kina yake. Wenye magari ya chini wamezoea kulipanda tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja. Kwa Morgan usifanye hivyo. Ukilipanda kwa mshazari unaisokota chesisi, na msokoto huo unaishia kwenye maungio ya mbao na nguzo za milango. Panda moja kwa moja, magurudumu mawili kwa pamoja, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kama bomba la moshi linagusa, tuta hilo si la gari lako. Tafuta njia nyingine.

Injini nitaigusa kidogo tu. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa Dar itakunywa petroli kupita kiasi na kutia plagi masizi. Isetiwe hapa.

Mbao ndiyo sehemu inayonisisimua zaidi, na ndiyo inayopuuzwa. Wanatumia ash, mti wa Ulaya ulio ukoo mmoja na mzeituni, mgumu lakini unaokubali kupindwa, unaofaa hata kwa mipini ya shoka. Kwao adui wake ni kuoza kwa unyevunyevu. Hapa ni kinyume. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana wa nyuzi, si kwa urefu, kwa hiyo kila ungio linaachia kwa namna yake. Mwezi wa tisa weka kidole kwenye skrubu za bawaba ya mlango wa Morgan: utaikuta moja inazunguka bila kushika. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechanganya, mlango uleule unakwaruza nguzo yake. Fundi asiyejua ataupiga randa mwezi wa pili, na kiangazi kikirudi mlango utakuwa na mwanya wa kupitisha vumbi. Usipige randa. Subiri, kaza skrubu polepole, na gari lisikae juani siku nzima.

Halafu mchwa. Ash haina kinga yoyote dhidi yao. Gari lililoegeshwa juu ya udongo likasahauliwa msimu mzima linaweza kuliwa kutokea chini, sakafu kwanza, huku rangi ikiwa bado inang'aa. Egesha kwenye zege, na chungulia chini kwa tochi.

Kipande kikioza au kuliwa, watu huniuliza kama ni lazima ash. Kwa vipande vilivyonyooka, kama sakafu na mbao za kizingiti chini ya mlango, naona mninga unafaa zaidi kwa Dodoma: hausinyai sana, mchwa hauupendi, na uzito haupishani sana. Nunua mbao yenye kibali, iliyokauka vizuri. Lakini tao la madigadi ya nyuma ni vipande vyembamba vya ash vilivyogundishwa na kubanwa kwenye kalibu mpaka vikapinda. Mninga haupindiki hivyo, utapasuka. Hicho agiza.

Kama unafikiria kuagiza gari lenyewe, jua kwamba umri wake unaongeza ushuru, na kwa gari la miaka arobaini nyongeza hiyo haikwepeki. Piga hesabu ya kodi kabla ya kupenda picha. Kisha mwombe muuzaji akutumie video. Afungue mlango nusu, aushike mwisho, aunyanyue taratibu. Kama bawaba tu ndiyo inacheza, ni skrubu. Kama nguzo nzima inapanda pamoja na mlango, mbao ya chini imeshaoza, na bei ishuke kwa kiasi cha bodi kuvuliwa yote.