Kizunguzungu kwa wanaosafishwa damu: mazoezi ya usawa wa mwili yasivyoeleweka

Dhana: Mgonjwa wa figo akiwa na kizunguzungu, alale tu.
Kulala kunafaa presha inaposhuka. Akilala kila siku, mapaja yanalegea na kuyumba kunazidi. Mifupa ya wagonjwa wengi wa figo tayari ni dhaifu, na kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga.

Dhana: Kizunguzungu chote ni presha.
Hapa ndipo wengi wanapotibiwa kisicho chao. Ni kweli, mashine ya kusafisha damu ikitoa maji mengi kwa haraka, au uzito mkavu (uzito unaolengwa baada ya maji ya ziada kutolewa) ukipangwa chini mno, presha hushuka mtu anaposimama. Omba upimwe presha umelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aangalie uzito huo na dawa zako kwanza. Mazoezi ya usawa hayataziba pengo hilo. Upungufu wa damu nao huleta kizunguzungu, na kisukari huua hisia za nyayo.

Lipo pia sikio la ndani, linalosahaulika mno. Jentamaisini, dawa wanayopewa baadhi ya wenye maambukizi ya katheta (mrija wa mshipani wa kusafishia damu), hutolewa mwilini na figo. Figo zikishindwa, dawa hukaa muda mrefu na inaweza kuharibu kiungo cha usawa sikioni. Aliyeumia hivyo huenda asione chumba kikizunguka kabisa: anayumba gizani, na maandishi ya vibao humrukaruka akitembea. Huyu ndiye anayefaidika sana na mazoezi ya usawa. Akazie macho herufi moja ukutani huku akigeuza kichwa kulia na kushoto. Kisha asimame konani, kiti imara mbele yake na mtu karibu: miguu pamoja sekunde 30, baadaye mguu mmoja mbele ya mwingine. Kizunguzungu kidogo kinachotulia baada ya dakika chache hakina neno, ubongo unajifunza.

Dhana: Vidonge vya kizunguzungu vinatosha.
Sinarizini na wenzake hufaa siku chache za mwanzo. Vikimezwa kwa miezi, vinachelewesha ubongo kujifunza. Usiache mwenyewe, muulize daktari.

Dhana: Fanya zoezi ukitoka tu kwenye mashine.
Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Chagua siku isiyo ya mashine. Shika kiti kwa mkono usio na fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu).

Dhana: Ukianguka na kuinuka mwenyewe, yamekwisha.
Kama kichwa kimegonga, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata bila jeraha, na uwaambie lini ulisafishwa damu. Heparini ya kwenye mashine huzuia damu kuganda, na damu inaweza kuvujia ndani ya fuvu polepole.