Udaipur: Anza na Mabwawa, Majumba Yatafuata

Picha za Udaipur wengi wetu tumeziona: jumba jeupe katikati ya maji, vilima vya Aravalli nyuma yake, mashua zikipita. Mji huo wa Rajasthan, India, unasifiwa kwa maziwa yake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi ni mhandisi wa mabwawa, na kuna jambo napenda kila msafiri alijue kabla hajakata tiketi: maziwa hayo yote yalijengwa na watu. Mtu alitazama bonde, akaona mahali vilima vinapokaribiana, akaziba. Usipozitazama kuta zilizozuia maji, majumba utayaona, ila hutajua kwa nini yapo pale yalipo.

Kisa kinaanzia Chittorgarh, kilomita zaidi ya 100 mashariki. Huko ndiko watawala wa ufalme wa Mewar, Warajput (jamii ya wapiganaji) wa ukoo wa Sisodia, walikokaa juu ya ngome yenye ukubwa wa hekta 280 hivi, yenye mabirika na vidimbwi vingi mno. Maji ya kunywa walikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kilima chenyewe, kilichosimama peke yake katikati ya uwanda, hivyo adui mwenye jeshi kubwa aliweza kukizunguka na kusubiri. Ngome ilianguka mwaka 1303 mbele ya Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, ikaanguka tena 1535 mbele ya Bahadur Shah wa Gujarat, na mara ya tatu Februari 1568, baada ya Akbar, mfalme wa dola ya Wamughal, kuizingira kwa miezi kadhaa. Kabla ya pigo hilo la mwisho, Maharana (yaani mfalme wa Mewar) Udai Singh wa Pili alikuwa ameshaanza kujenga mji mwingine, mwaka 1559, ndani ya bonde la Girwa. Kule milima imezunguka pande zote na njia za kuingilia ni chache, kwa hiyo kuvuta mizinga mizito hadi mjini ilikuwa kazi ngumu.

Bonde lilikuwa tayari na maji. Inasimuliwa kwamba karne ya 14, enzi za mfalme Rana Lakha, mfanyabiashara wa Kibanjara aliyesafirisha nafaka kwa misafara ya ng'ombe alijenga tuta karibu na kijiji cha Picholi. Udai Singh akaliongeza tuta hilo, na ziwa Pichola likapanuka hadi kuufikia mji wake mpya.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo moyo wangu ulipo. Udaipur hupata mvua ya milimita 600 na kitu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Juni na Septemba. Huletwa na pepo za kusini-magharibi, zile zile za kusi ambazo kwa karne nyingi zilivusha majahazi kutoka pwani yetu kwenda Bara Hindi. Miezi inayobaki ni mikavu, na jua la Rajasthan huweza kukausha mita moja na nusu ya maji au zaidi kwa mwaka. Pichola lenyewe, hata penye kina kirefu, halifiki mita 10. Piga hesabu uone: msimu mmoja mbaya wanadamu wanaubana mkanda, msimu wa pili wanaliangalia tope.

Jibu la wajenzi wa Mewar lilikuwa kuyaunganisha maziwa. Mto Sisarma hushuka kutoka milimani na kumwaga maji yake Pichola. Pichola likijaa, maji hupita Rang Sagar na Swaroop Sagar, mabwawa madogo yaliyo katikati ya mitaa, kisha kwa mfereji wenye mageti huingia Fateh Sagar upande wa kaskazini. Yanayozidi hapo humwagwa kwenye mto Ayad, yakavuka mji hadi Udai Sagar, bwawa jingine la Udai Singh mwenyewe. Kutoka hapo huitwa Berach, huingia Banas, Banas huingia Chambal, Chambal huingia Yamuna, na mwisho ni Ganga. Yaani tone lililoangukia paa la hoteli yako linaweza kuishia Ghuba ya Bengal, upande wa pili kabisa wa nchi.

Tazama pia namna tuta lilivyojengwa. Nyuma ni udongo mwingi ulioshindiliwa, ambao kwa uzito wake unasukumana na maji. Upande wa maji kuna ukuta wa mawe, na mara nyingi ngazi za mawe ziitwazo ghat. Watalii hukaa kwenye ngazi za Gangaur Ghat na Ambrai kusubiri jua lizame. Ngazi hizo huzuia mawimbi yasilambe udongo, na maji yanaposhuka wakati wa kiangazi, mchota maji, mfuaji na mwenye kuoga hushuka nayo hatua kwa hatua. Ulinzi wa bwawa na maisha ya watu vikawekwa katika jiwe moja. Sijaona usanifu wa kisasa wa mabwawa unaomfikiria mtu wa kawaida kwa upole namna hiyo.

Ukishayaelewa hayo, panda City Palace, jumba kuu la watawala. Ukuta wake wa upande wa ziwa una urefu wa mita 244, na watawala waliongeza vyumba, nyua na vibaraza kwa karibu miaka 400. Uwanja wa Mor Chowk una tausi wa vioo vya rangi waliotengenezwa karne ya 19, na watu hujazana hapo. Mimi nakusihi upande zaidi, hadi Badi Mahal: bustani yenye miti mikubwa kweli kweli, juu kabisa ya jumba. Siri yake ni kwamba jumba limejengwa kukizunguka kilele cha kilima, kwa hiyo miti ile imeota ardhini.

Kutoka madirishani utaona visiwa viwili. Jag Niwas ndilo lile jumba jeupe, lililojengwa kati ya 1743 na 1746 na Maharana Jagat Singh wa Pili. Sasa ni hoteli ya bei kubwa, na asiye mgeni wao huliona kwa mbali tu. Kisiwa cha Jag Mandir ndicho mashua za watalii huenda, na kwangu ndicho chenye historia nzito zaidi. Mwanamfalme Khurram, aliyeongoza vita vilivyoilazimisha Mewar kufanya suluhu na Wamughal mwaka 1615, alikuja miaka ya 1620 kuomba hifadhi hapa alipomwasi baba yake, Jahangir. Mewar ikampokea. Khurram huyo ndiye Shah Jahan, aliyejenga Taj Mahal baadaye.

Hekalu la Jagdish la mwaka 1651 liko hatua chache kutoka lango la jumba. Ingia asubuhi, kabla ya makundi.

Bustani ya Saheliyon ki Bari wengi huipita haraka, na hilo linanisikitisha. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanawake wa ikulu, na chemchemi zake zilirushwa na nguvu ya maji pekee: bustani iko chini ya usawa wa Fateh Sagar, bomba likaletwa kutoka ziwani, na tofauti ya kimo ikafanya kazi yote bila pampu. Fateh Sagar lenyewe lilianza enzi za Jai Singh karne ya 17, mafuriko yakalibomoa, na Maharana Fateh Singh akalijenga upya mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwenye kisiwa chake kimoja kuna kituo cha kuchunguza Jua, kilichoanza miaka ya 1970. Kiliwekwa pale kwa sababu maji yaliyokizunguka hupunguza msukosuko wa hewa inayopashwa joto na ardhi, na picha za Jua hutoka safi.

Juu ya kilima upande wa magharibi kuna Sajjangarh, jumba la 1884 ambalo Maharana Sajjan Singh alilikusudia kutazamia mawingu ya mvua yakija. Mji ulioishi kwa kungoja mawingu ulihitaji mahali pa kuyangojea.

Kama una siku ya ziada, nenda nje ya mji. Jaisamand, kilomita 50 hivi kusini-mashariki, lilikamilika 1691 kwa kuziba mto Gomati, na kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa miongoni mwa maziwa makubwa zaidi duniani yaliyotengenezwa na watu. Tuta lake limevikwa marumaru, na tembo wa marumaru wamesimama wakiyaelekea maji. Nyuma ya ukuta wa kwanza Jai Singh alijenga ukuta wa pili, na nafasi iliyokuwa katikati ilianza kujazwa udongo karne ya 19, mafuriko yalipotia hofu. Rajsamand, kaskazini, ndilo linalonigusa zaidi. Maharana Raj Singh alilianza 1662, njaa ikiwa imeikumba nchi, na ujenzi ukawa njia ya kuwalipa na kuwalisha watu. Kwenye tuta lake historia ya Mewar imechongwa kwa Kisanskriti juu ya mabamba ya mawe zaidi ya 20. Wahandisi wenzangu, nendeni mkayaone.

Mfumo huu haujapona majeraha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukame uliikausha Pichola, watoto wakacheza kwenye sakafu ya ziwa. Tangu hapo maji huletwa pia kutoka mabonde ya nyuma ya milima kwa handaki refu, kupitia mradi wa Dewas. Majitaka na ujenzi wa hoteli kandokando ya kingo bado ni vita. Januari 2025 Udaipur ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, kuwa mji wa ardhioevu, pamoja na Indore, ya kwanza nchini India. Wewe mgeni chagua nyumba ya kulala isiyomwaga uchafu ziwani, na uliza wazi kabla ya kulipa.

Nenda kati ya mwisho wa Septemba na Machi. Mei na Juni joto ni kali na maziwa yako chini. Ukiwa Ahmedabad kwa masomo au matibabu, Udaipur ni kilomita kama 260 kwa barabara. Siku mbili zinatosha mjini: ya kwanza panda kwanza kigari cha kamba kutoka Doodh Talai hadi hekalu la Karni Mata, uone Pichola, tuta na mji kwa pamoja, ndipo ushuke kutembea. Ya tatu unganisha Rajsamand na ngome ya Kumbhalgarh, yenye ukuta wa kilomita 36, kwani zote ziko upande wa kaskazini. Chittorgarh iache siku ya kuondoka, kama unaelekea Jaipur au Delhi.